Mjomba Alivyomkata Brenda Fassie Kwenye Harusi ya Mikindani

Karatasi yenyewe bado ninayo. Imechanwa kwenye daftari la shule, ina majina ya nyimbo kumi na tisa, na wimbo wa nne umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni pameandikwa neno moja kwa herufi kubwa: HAPANA.

Aliyeandika ni mjomba wa bibi harusi. Msomaji wa mikoa mingine atauliza baba alikuwa wapi. Baba alikuwepo, amekaa mkekani, anakunywa kahawa, kimya. Kwetu huku kusini mwa Tanzania, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo tumeuhesabu kwa upande wa mama tangu zamani, na kaka wa mama ndiye mwenye mwali. Dini na maisha ya mjini vimempa baba sauti kubwa kuliko aliyokuwa nayo babu yake. Likija suala la harusi lakini, mjomba akisema hapana kamati nzima hujipanga upya.

Wimbo wa nne ulikuwa "Vul'indlela" wa Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika Kusini.

Kazi yangu ni muziki wa sherehe. Nina spika nne, mikisa moja, kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, na jenereta dogo ninalolifunga nyuma ya bajaji. Nimepiga Mtwara mjini, Mikindani, Nanyamba, na msimu wa korosho ukienda vizuri hufika hadi Tandahimba na Masasi, maana pesa ya mnada ikishalipwa kila nyumba inakumbuka ina kijana wa kuoza. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kupiga harusi isiyokuwa na wimbo huo. Wakristo wanautaka, Waislamu wanautaka, bibi asiyeweza kusimama peke yake huinuliwa na wajukuu ukianza. Kwa hiyo nilipoiona kalamu nyekundu niliona kama mtu amekataza chumvi.

Wenzangu wa kazi wamekwisha kukisimulia kisa hiki kwa namna yao: mjomba alikuwa mshamba, au mtu wa dini aliyepitiliza. Si kweli. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati alikuwa mtu pekee aliyejua maisha ya Brenda Fassie.

Mjomba yule aliondoka Mtwara mwaka 1994, akavuka Ruvuma, akapita Msumbiji kwa mwendo wa kubahatisha kama vijana wengi wa huku wa wakati ule, akafika Bondeni, yaani Afrika Kusini. Alikaa Johannesburg miaka kumi na moja, kwanza akiuza matunda barabarani, baadaye akifanya kazi kwenye gereji. Kizulu anakisema. Magazeti ya kule aliyasoma, na kwa miaka hiyo magazeti ya kule hayakupitisha muda mrefu bila Brenda.

Alitoa hoja zake kwa sauti ya chini, bila tusi hata moja. Mwanamke huyo alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, na ndizo zilizomuua. Alikuwa na wapenzi wanawake na hakujificha. Na aliwahi kukutwa hotelini, chumba kimoja na maiti ya mpenzi wake. "Mwali wetu," akasema, "haingii ukumbini akitanguliwa na sauti hiyo. Mnipe sababu nyingine nitaisikia."

Nilirudi nyumbani usiku ule nikihisi ametia chumvi. Nilitafuta. Hakutia.

Brenda Nokuzola Fassie alizaliwa tarehe 3 Novemba 1964 Langa, kitongoji cha watu weusi pembeni ya Cape Town, mtoto wa mwisho kati ya tisa. Jina la Brenda alipewa kwa ajili ya mwimbaji wa Kimarekani, Brenda Lee. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama alikuwa mpiga piano, na mtoto hajafikia umri wa kuanza shule alikuwa tayari anaimba mbele ya watalii mama akimpigia, pesa inarudi nyumbani. Akiwa na miaka kumi na sita, mtayarishaji wa muziki Koloi Lebona alifika kwao, akamsikia, akamchukua kwenda Soweto.

Mwaka 1983, akiwa na kundi la Brenda and the Big Dudes, alitoa "Weekend Special". Ni malalamiko ya mwanamke anayekumbukwa na mwanamume siku za mwisho wa wiki tu. Neno la kawaida kabisa, kila mtaa unalo, ila kulitamka hadharani kwa sauti ile, msichana wa miaka kumi na minane, ilikuwa habari nyingine. Santuri ilinunuliwa kwa fujo. Mwaka 1985 akajifungua mtoto wa kiume, 1989 akaolewa, 1991 ndoa ikavunjika. Katikati ya hayo alianza kufanya kazi na mtayarishaji Sello "Chicco" Twala, na hapo ndipo zilipotoka nyimbo nzito: "Too Late for Mama", ya mama aliyefuata maji mbali na mtoto mgongoni, na mwaka 1990 "Black President", ya kumwimbia Mandela. Serikali ya makaburu iliupiga marufuku.

Kisha ikaja 1995. Brenda alikutwa kwenye chumba cha hoteli huko Hillbrow, Johannesburg, pamoja na mwili wa mpenzi wake, Poppie Sihlahla, aliyekufa kwa kuzidisha dawa. Mjomba alikuwa ndani ya jiji hilo hilo, ana mwaka mmoja tu tangu afike. Aliniambia baadaye kwamba gereji nzima iliacha kazi kusoma gazeti, na kwamba kila mtu, hadi waliompenda, alisema huyu amekwisha.

Nimekaa kwenye mwaka huo kwa sababu bila huo, wimbo wa harusi hausomeki sawasawa. Brenda aliingia na kutoka kwenye nyumba za tiba mara nyingi ajabu, na mwaka 1997, yeye na Chicco wakatoa albamu ya Memeza. Maana yake ni paza sauti. Ndiyo iliyouzwa kuliko zote Afrika Kusini mwaka 1998, na "Vul'indlela" imo humo. Kwa hiyo wimbo tunaoingizia maharusi Mikindani uliimbwa na mtu ambaye miaka miwili kabla alishaandikiwa tanzia akiwa hai.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 2001 jarida la Time la Marekani lilimwita Madonna wa vitongoji. Aprili 2004 moyo wake ulisimama, akalala hospitalini bila fahamu. Mandela alikwenda kumwona, na Thabo Mbeki, aliyekuwa rais, pia. Alifariki tarehe 9 Mei 2004 akiwa na miaka 39. Mwanzoni ilisemekana ni pumu. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha kokeini.

Mashtaka yote matatu ya mjomba, basi, yalikuwa na ushahidi.

Hapo ndipo nilipolazimika kujiuliza jambo ambalo miaka kumi na moja sikuwahi kujiuliza: kama hayo ni kweli, kwa nini hakuna mtu mwingine aliyewahi kulalamika? Nilitamani jibu liwe kwamba watu wa kusini wana moyo mpana. Uongo. Wasanii wa kike wa hapa nyumbani, ambao habari zao hazifiki robo ya hizi, nimeombwa kuwaondoa kwenye orodha mara nyingi. "Huyo aliyeachika juzi usimpige." "Yule wa picha zile, hapana, mama mkwe yupo." Wenyewe tunawajua, maneno yao tunayaelewa, na habari zao tunazipata kila asubuhi kwenye simu. Brenda alipita kwa sababu aliimba lugha tusiyoijua, akafa mbali. Hatukumsamehe chochote. Tulikuwa hatumjui.

Na kuna lingine, ambalo si mimi niliyeligundua, ni shangazi wa bibi harusi, mwalimu wa shule ya msingi. Alichukua ile karatasi kikao cha pili, akahesabu kwa kidole. Zilizobaki kumi na nane, kumi na tatu za wanaume. Akamuuliza mjomba, kwa heshima zake zote, "Hawa nao, kaka, tumeuliza wanalala wapi?" Mjomba alicheka kidogo. Hakujibu, na ninadhani hakuwa na jibu. Mimi pia sina: katika kazi hii sijawahi kuombwa nimkate mwimbaji mwanamume kwa sababu ya mwenendo wake. Hata mara moja.

Kikao cha pili ndicho kilichoamua mambo, na aliyekigeuza ni mama wa bwana harusi.

Huyu mama ni mjane. Anauza samaki wa kukaanga na ming'oko jioni, karibu na kituo cha daladala za kwenda mjini. Mwanawe alikuwa na miaka arobaini na moja, hajaoa, na mji mdogo kama Mikindani hauwezi kukaa na jambo la namna hiyo bila kulipa jina. Walisema ana jini mahaba: jini la kike limempenda, halitaki mke mwingine. Wengine walisema amefungwa. Wengine walisema maneno ambayo sitayaandika. Mama alimpeleka kwa waganga hadi Newala, akachoma udi, akachinja mbuzi, akanyamaza. Sasa kijana anaoa, na kitu pekee alichokiomba mama kwenye orodha yote ni wimbo ule wa nne.

Alipoulizwa kwa nini, alisema anaupenda mdundo wake. Basi.

Mjomba akarudia yake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shikamoo mjomba, nawe nikuulize. Nyimbo tunazowaimbia mabinti unyagoni, zikitolewa nje hapa barazani, utazimaliza kuzisikiliza?" Wanawake wote walipasuka. Hata yule mwalimu. Wanaume walitazama mkeka, maana kila mmoja ana mama, dada na mke waliopita kwa nyakanga, kungwi wa unyago, na kila mmoja anajua kwamba mwanamke mwenye heshima kuliko wote mtaani ndiye huenda anaongoza wimbo mkali kuliko wote kule ndani. Mimi si wa kusema yanayosemwa unyagoni. Ila hoja ilikuwa wazi: huku kwetu neno halipimwi peke yake, hupimwa na mahali linaposemwa. Ndani ni fundisho, nje ni aibu.

Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyekulia Nachingwea enzi FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi yao kule, alikuwa na Brenda wake mwingine kabisa. "Huyu si ndiye aliyemwimba Mandela?" aliuliza. Akaambiwa ndiye. Kwake kesi iliishia hapo. Mzee huyo alikuwa Dar es Salaam Machi 1990, Mandela alipokuja baada ya kutoka gerezani, na kwake yeyote aliyemwimba Mandela wakati makaburu bado wanatawala ana msamaha wa kudumu. Ndiye pia aliyeuliza swali ambalo mimi, fundi wa muziki, nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: "Maneno yake yanasemaje?"

Ukimya. Kisha wote tukamgeukia mjomba, kwa sababu nani mwingine anajua Kizulu?

Nilimwekea wimbo kwenye simu, sauti ndogo. Alikuwa anausimamisha, anatafsiri, anauendeleza. Alianza kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Fungua njia, alisema, anamwambia MaMgobhozi. Hilo ni jina wanalompa mwanamke mmbea. Anamwambia mwanangu anaoa leo. Usiwe na wivu. Anasema, sikujua kama nitamwona mkwe. Akasimamisha tena, akasikiliza mara mbili, akaendelea polepole: walikuwa wanasema mwanangu ni mhuni wa wanawake, walikuwa wanasema hataoa.

Mama alikuwa ameacha kupepea. "Rudia hapo," akasema.

Mjomba akarudia.

Nimewahi kusikia watu wakibishana kama kazi ya msanii itenganishwe na maisha yake. Mabishano hayo kwa kawaida huendeshwa na watu wasiousikiliza wimbo wenyewe. Huu si wimbo wa kusifia ndoa. Ni mama wa bwana harusi amesimama mlangoni, anawaambia waliomsema mwanawe wapishe njia. Kosa la kijana wa kwenye wimbo na la kijana wa Mikindani hayafanani, mmoja alisemwa kwa kupita kwa wengi, mwingine kwa kutopita kwa yeyote, lakini "walikuwa wanasema" ni ile ile. Nami siwezi kuusikia siku hizi bila kuisikia humo sauti ya mwimbaji mwenyewe, ambaye waliomsema walikuwa nchi nzima. Huo ni usikivu wangu. Wimbo unamtaja mwana, haumtaji Brenda.

Uamuzi wa mjomba ulinishangaza kwa jinsi ulivyokuwa wa kisheria. Hakusema amekosea kuhusu Brenda. Alisema, "Basi huu si wimbo wa mwali. Ni wimbo wa mama mkwe. Mmekuwa mkimwingizia bibi harusi wimbo usio wake." Akaagiza hivi: mwali wao ataingia na taarabu iliyochaguliwa na upande wao. "Vul'indlela" itapigwa baadaye, mama wa bwana harusi atakapoingia na wanawake wake kuleta zawadi. Huko ni kwao, yeye hana neno.

Alikuwa sahihi, na ilinichoma. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiupiga mahali pasipo pake. Bibi harusi anaingia taratibu, macho chini, huku spika zangu zinawafokea wambea kwa niaba ya mwanamke ambaye hata bado hajafika mlangoni. Nimewauliza wenzangu watatu wa Lindi na Mtwara. Wote huupiga hapo hapo. Tulirithi nafasi hiyo kwa waliotutangulia na hakuna aliyeuliza. Ningependa kusema yule shangazi na swali lake la wanaume kumi na tatu naye alipata uamuzi. Hakupata. Orodha ilibaki na wanaume wake.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya Januari, mvua imenyesha tangu adhuhuri, na umeme ulikatika saa mbili kasoro usiku, bwana harusi akiwa bado anateremka garini. Jenereta likaokoa. Mwali aliingia na taarabu, ikapendeza kuliko nilivyotarajia, polepole na mashangazi wakimtunza.

Zamu ya mama ilipofika nilisubiri ishara ya mwenyekiti. Wanawake walikuwa kama thelathini, wote sare moja ya kitenge cha kijani, mabeseni kichwani yenye vyombo, mchele, vitenge. Ndani ya sare hiyo walikuwemo, nawajua kwa majina, wale wa jini mahaba. Walichangia sare kama wengine, na katika mji mdogo huwezi kufanya sherehe bila wao. Kinanda kilipoanza walifanya walivyofanya siku zote wimbo huo ukipigwa: wakagawanyika mistari miwili, wakaacha njia katikati. Hawakujua maneno. Mama alikuwa anayajua sasa. Alipita katikati yao taratibu, beseni kichwani bila kulishika, akimtazama mmoja mmoja usoni, anacheka. Alifika mbele, akalitua beseni miguuni kwa mkwewe, akanigeukia na kuzungusha kidole hewani: tena. Nikaurudia mwanzo.

Ulipokwisha mara ya pili, mjomba alikuja kwenye meza yangu na soda yake. Nilidhani amekuja kuniambia punguza sauti. Aliinamia kioo kilichopasuka, akasogeza miwani, akasoma orodha ya nyimbo.

"Umeandika Vulindela," akasema. "Siyo. Ni V-u-l, alama ya juu, kisha i-n-d-l-e-l-a. Kuna L katikati ya d na e."

Alisimama pale mpaka nikarekebisha.